Mombasa: Jiji la bandari, fuo na viwanda linaloegemea Mto Tana

Maji ya Mto Tana yanapofika Chewele, katika eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River, huwa tayari yamefanya kazi mara tano. Yamezungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kutoka Kiambere, laini kuu ya umeme huelekea kusini-mashariki kwa takriban kilomita 400 hadi Rabai, kwenye lango la Mombasa.

Mombasa ndiko iliko bandari kubwa zaidi Afrika Mashariki, ndiko zilikojengwa hoteli za ufuoni zilizolipa eneo la Pwani jina duniani, na ndiko viliko viwanda vya saruji, vyuma, mavazi na bidhaa za mafuta. Shughuli hizo tatu, yaani bandari, utalii na viwanda, zimebanana katika eneo dogo mno. Aidha, zinahitaji mambo yale yale: ardhi, maji safi, barabara, umeme na bahari isiyochafuliwa.

Makala haya yanaeleza jinsi eneo hilo lilivyojengeka, mahali ambapo shughuli hizo hugongana, na kwa nini mustakabali wake hauwezi kutenganishwa na ule wa wakazi wa kandokando ya Tana, kuanzia Chewele na Hola hadi Garsen na Kipini.

Kisiwa na viunga vyake

Kitovu cha Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Kaskazini kuna hori ya Tudor, ambako ndiko iliko Bandari ya Kale. Kusini na magharibi kuna Kilindini na Port Reitz, ambako maji ni ya kina kirefu. Jina Kilindini lenyewe latokana na neno kilindi, na ni kina hicho kilichoamua historia ya mji tangu enzi za meli za mvuke.

Kisiwa huunganishwa na bara la kaskazini kwa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka wa 1931. Upande wa magharibi kuna njia za Makupa na Kipevu. Kusini, mamia ya maelfu ya watu hutegemea feri za Likoni kila siku. Aprili 29, 1994, watu 272 walikufa maji feri ilipozama katika kivuko cha Mtongwe, mkasa ambao umebaki kipimo cha gharama ya mji uliokua haraka kuliko njia zake.

Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, ilikuwa na wakazi 1,208,333 katika eneo la nchi kavu lenye takriban kilomita 220 za mraba.

Hata hivyo, jiji halisi halikomi kwenye mpaka wa kaunti. Kaskazini limeenea hadi Mtwapa na Kikambala katika Kaunti ya Kilifi. Magharibi lafuata barabara ya Nairobi kupitia Mazeras hadi Mariakani. Kusini lapita Likoni na kuingia Kaunti ya Kwale, kuelekea Tiwi na Diani. Wengi hulala Kilifi au Kwale na kufanya kazi Mombasa. Kaunti hizo tatu kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya watu milioni 3.5 mwaka wa 2019, kati ya milioni 4.3 waliohesabiwa katika kaunti zote sita za Pwani.

Tofauti na Tana River ni kama usiku na mchana. Kaunti hiyo ilikuwa na wakazi 315,943 katika eneo linalozidi kilomita 35,000 za mraba. Mombasa, kilomita moja ya mraba hubeba zaidi ya watu 5,000. Tana River hubeba takriban wanane.

Bandari: Kutoka makuli hadi makasha

Kabla ya karne ya 20, biashara ya Mombasa ilipitia Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na pepo za kaskazi na kuondoka na za kusi.

Ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanzia Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ulihamishia uzito wa biashara Kilindini. Gati za maji ya kina zilijengwa katika miaka ya 1920, na tangu hapo bandari imekuwa mlango wa Uganda, Rwanda, mashariki mwa Congo na sasa Sudan Kusini. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliposambaratika mwaka wa 1977, Kenya iliunda Halmashauri ya Bandari, KPA, mwaka wa 1978.

Bandari hiyo ilijengwa kwa mabega ya makuli. Mnamo Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na reli waliungana na wenzao wa sekta nyingine katika mgomo mkuu uliosimamisha mji kwa siku kadhaa. Ujio wa makasha ulibadilisha hali hiyo: shehena iliyohitaji magenge ya wapakuaji kwa siku nzima sasa huinuliwa na kreni moja.

Kituo cha pili cha makasha, kilichofadhiliwa kwa mkopo wa Japani, kilianza kazi mwaka wa 2016 na awamu yake ya pili ikakamilika mwaka wa 2022. Mwaka huo huo, gati jipya la mafuta lilifunguliwa Kipevu. Mwaka wa 2024, bandari ilihudumia tani milioni 41.1 za shehena na, kwa mara ya kwanza, makasha milioni mbili kwa kipimo cha kasha la futi 20.

Ila wingi wa shehena haukuwa na maana ya wingi wa kazi kwa wakazi. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 na mizigo mwaka wa 2018. Serikali ilipoagiza makasha yasafirishwe kwa reli na kukaguliwa katika bandari ya nchi kavu jijini Nairobi, wenye malori, mawakala wa forodha, vituo vya kuhifadhia makasha na wachuuzi wa chakula walilalamika kwamba riziki yao ilikuwa imehamishwa. Maandamano ya mwaka wa 2019 yalifanya jambo hilo kuwa suala la kisiasa la Pwani nzima.

Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, alitangaza kwamba shughuli za kukagua na kuondoa mizigo zingerejeshwa Mombasa. Mvutano huo ulionyesha kuwa bandari inaweza kustawi huku mji unaoizunguka ukipungukiwa, endapo thamani ya kazi inayozaa bandari itasafirishwa pamoja na kasha.

Fuo: Mchanga wenye bei

Fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, pamoja na Tiwi na Diani upande wa kusini, hulindwa na miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Bila miamba hiyo hakuna mchanga mweupe wala maji matulivu. Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Mombasa mwaka wa 1986 kwa kutambua hilo.

Hoteli zilienea kwa kasi baada ya uhuru, hasa ndege za kukodiwa kutoka Ulaya zilipoanza kutua moja kwa moja Mombasa. Kazi zilizozaliwa zilivuka kuta za hoteli: madereva, wavuvi wanaouza samaki jikoni, wachongaji vinyago, wasusi wa makuti na vijana wanaowatembeza wageni kwa mashua.

Lakini utalii ni biashara inayoshtuka upesi. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni kwa misimu kadhaa. Novemba 28, 2002, shambulio la bomu katika hoteli moja ya Kikambala liliua watu 13, wengi wao Wakenya. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, tahadhari za usafiri za mwaka wa 2014 na janga la Covid-19 la mwaka wa 2020 yote yalifunga milango ya hoteli na kuwarudisha wafanyakazi makwao.

Jambo jingine ni umiliki. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa Pwani wayawasilishe rasmi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wenyeji wengi waliokuwa wakiishi kwa desturi ya ukoo hawakuwa na hati. Tatizo la maskwota lililoanzia hapo halijaisha. Kule Likoni, serikali ililazimika kununua shamba la Waitiki, lenye ekari 930, kabla ya kuwapa wakazi wake hatimiliki mwaka wa 2016. Katika fuo nyingi, njia za umma za kufikia bahari zimezibwa na kuta, hivi kwamba mvuvi aliyezaliwa hapo hulazimika kuzunguka mbali kufika alikoacha ngalawa yake.

Viwanda: Matumbawe, mafuta na cherehani

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954, kikichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mashimo yaliyoachwa yalikuwa jangwa hadi mwaka wa 1971, Rene Haller alipoanza kupanda mivinje ndani yake. Leo sehemu hiyo ni msitu wenye wanyama uitwao Haller Park, mmojawapo wa mifano michache ya kiwanda kuirudishia ardhi uhai. Mwishoni mwa mwaka wa 2024, kampuni hiyo ilinunuliwa na kundi la Amsons la Tanzania.

Changamwe kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, kilichofunguliwa mwaka wa 1963 na kusitisha usafishaji mwaka wa 2013. Matangi yake yalibaki kuwa ghala la mafuta yaliyosafishwa ng'ambo. Viwanda vya mavazi vilipata msukumo kutokana na sheria ya biashara ya Marekani ya mwaka wa 2000, inayojulikana kama AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru. Vingi vilishona vitambaa vilivyoletwa kutoka Asia.

Kwale, machimbo ya madini ya titani yalisafirisha shehena ya kwanza kupitia Likoni mwaka wa 2014 na kufunga uchimbaji Desemba 2024 baada ya madini kupungua. Sasa macho yameelekezwa Dongo Kundu, kusini mwa bandari, ambako serikali inaandaa eneo maalumu la kiuchumi kwa msaada wa Japani.

Vitatu vinapogongana

Kwenye ramani, bandari, fuo na viwanda huonekana kama sehemu tofauti. Majini havina mipaka. Mwaka wa 1988, tangi la mafuta lilitoboka na kumwaga maelfu ya tani katika hori ya Makupa, na mikoko ikafa kwa eneo kubwa. Mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba. Ikifa, hasara hufika kwa mvuvi ambaye hajawahi kuona tangi.

Bandari ilipopanuliwa na SGR kujengwa, mchanga wa kujazia ulichimbwa baharini mbele ya pwani ya Kwale. Wavuvi na wenye hoteli, ambao kwa kawaida huvutana, walijikuta upande mmoja wakipinga. Sababu ilikuwa wazi: mchanga unaosimamisha gati ndio unaotandika ufuo, na tope linalotifuka huyakaba matumbawe.

Kisa kichungu zaidi ni cha Owino Uhuru, mtaa wa mabanda katika eneobunge la Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani kiliwasababishia wakazi sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni hiyo, alituzwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020, mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka wa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024.

Si kila habari ni ya hasara. Jaa la taka la Kibarani, lililokuwa likimwaga uchafu baharini kwenye lango la kisiwa, lilifungwa mwaka wa 2018 na mahali pake pakapandwa miti. Mwaka wa 2022, daraja lilifunguliwa Makupa kuchukua nafasi ya tuta lililokuwa limezuia mkondo wa maji kati ya hori mbili kwa miongo mingi. Mabadiliko hayo yanathibitisha kwamba uharibifu wa mji si majaliwa.

Maji na umeme: Jiji lisilojitosheleza

Mombasa haina mto mkubwa wa maji baridi. Tangu mwaka wa 1957, bomba limekuwa likileta maji kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mengine hutoka Baricho kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hata hivyo, mgao ni jambo la kawaida, na mikokoteni ya mitungi ya maji ni sehemu ya sura ya mji. Serikali inajenga bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale ili kupunguza upungufu huo.

Umeme nao una safari yake. Kindaruma ilianza kuzalisha mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miongo kadhaa, mabwawa hayo ndiyo yaliyokuwa mhimili wa umeme wa Kenya. Ukame ulipokausha Masinga mwaka wa 2000, nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme na viwanda vikapunguza zamu. Leo mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana huchangia sehemu kubwa, lakini Tana bado ndio mto wenye mitambo mingi ya umeme nchini.

Faida hiyo ina upande wa pili. Kabla ya mabwawa, mafuriko ya wastani yalitandaza rutuba kwenye kingo za mto mara mbili kwa mwaka. Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi maji yalipotulia, nao Waorma waliingiza ng'ombe kwenye malisho ya delta wakati wa kiangazi. Mabwawa yamepunguza mafuriko hayo ya wastani. Mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka Kipini na kuharibu mashamba ya mpunga.

Kinyume chake, mvua zinapozidi na mabwawa kufurika, maji hushuka kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, iliyobomoa mradi wa mpunga wa delta, na tena Novemba 2023 na Aprili hadi Mei 2024, vijiji viliposombwa na barabara kukatika. Kwa ufupi, mkazi wa chini ya mto hukosa mafuriko yanayomlisha na kupata yanayomfukuza.

Kinachotoka Tana

Kutoka Chewele hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara inayopitia Hola, Garsen, Malindi na Kilifi. Ni njia hiyo hiyo ambayo maembe ya kingo za Tana hufuata hadi soko la Kongowea, na ambayo mifugo kutoka Tana River na Garissa hupitia kuelekea machinjio ya Pwani. Mvua ikikata barabara kwa wiki moja katika msimu wa maembe, mavuno huozea chini ya miti.

Hata barabara ikipitika, mkulima huuza embe likiwa tunda bichi kwa dalali, na thamani huongezwa kwingineko. Hali ni ile ile baharini. Ghuba ya Ungwana, inayopakana na Kipini, ni mojawapo ya maeneo tajiri zaidi kwa kamba nchini kwa sababu ya tope na rutuba ya Tana. Kwa miaka mingi, kamba hao walivuliwa na meli kubwa zilizokuwa na makao Mombasa. Malalamiko ya wavuvi wadogo kwamba nyavu zao zilikuwa zikiraruliwa yalifanya uvuvi huo usimamishwe mwaka wa 2006, kabla ya kuruhusiwa tena mwaka wa 2011 chini ya masharti mapya. Kamba alilishwa na Tana, akapakuliwa Mombasa.

Mradi wa unyunyiziaji wa Bura, jirani na Chewele, ni funzo la namna yake. Wakulima wa kwanza walihamishiwa hapo mapema miaka ya 1980 kupanda pamba kwa maji ya Tana. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli, ingawa mto huo huo ulikuwa ukizalisha umeme wa nchi. Pampu zilipoharibika mara kwa mara na gharama ya mafuta kupanda, mradi ulizorota, na eneo lililolimwa halikufikia nusu ya lile lililopangwa awali. Halmashauri ya taifa ya unyunyiziaji iliuchukua mwaka wa 2005, na baadaye ukaanzishwa mpango wa kuleta maji kwa mfereji wa mteremko, usiohitaji pampu.

Tazama basi hali ilivyokuwa: Bura ilianzishwa kwa ajili ya pamba, na Mombasa ina viwanda vya kushona nguo, lakini viwanda hivyo vilitegemea vitambaa kutoka Asia. Kati ya shamba na cherehani kulikosekana viwanda vya kusokota na kufuma vinavyoweza kushindana, barabara ya kuaminika na umeme wa bei nafuu.

Kati ya bandari mbili

Mnamo Machi 2012, ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa kama sehemu ya mradi wa LAPSSET, unaokusudia kuunganisha Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Kwa hivyo, Tana River sasa iko katikati ya bandari mbili kuu za nchi, na mji wa Garsen uko pale ambapo barabara za Malindi na Hola hukutana na ile ya Lamu.

Historia ya Mombasa inaonyesha nini kinaweza kufuata. Ardhi itapanda bei kabla ya wenyeji kupata hati. Mikoko itatakiwa na wajenzi, na maji yatatakiwa na viwanda. Dalili zimekwisha kuonekana: mwaka wa 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari hiyo, fidia iliyodaiwa baada ya uchimbaji kuanza, si kabla.

Tana River ina nafasi ambayo Mombasa ya mwaka wa 1908 haikuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi zao kwa pamoja. Delta ya Tana ilitambuliwa mwaka wa 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali ihakikishe faida ya maliasili inagawanywa kwa haki. Kaunti sita za Pwani nazo zina jumuiya yao ya kushauriana kuhusu mambo ya kiuchumi.

Lakini sheria isiyotumiwa ni karatasi. Jamii ambayo haijasajili ardhi yake kabla ya mwekezaji kuwasili itajadili fidia badala ya masharti. Vilevile, suala la mgao wa mapato ya umeme wa maji limekuwa likijadiliwa zaidi kuhusu kaunti zilizo karibu na mabwawa, ilhali zinazobeba mafuriko na chumvi ni zile za chini ya mto.

Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoorodhesha kaunti 14 zilizotengwa kimaendeleo kwa ajili ya Hazina ya Usawazishaji, tano kati ya kaunti sita za Pwani zilikuwemo: Tana River, Kwale, Kilifi, Lamu na Taita Taveta. Mombasa pekee ndiyo iliyokosekana. Kwa maneno mengine, mlango mkuu wa biashara wa Afrika Mashariki umezungukwa pande zote za nchi kavu na kaunti ambazo taifa lenyewe limekiri kuwa zilisahauliwa.

Orodha hiyo yatosha kuonyesha kwamba utajiri wa bandari, fuo na viwanda hausambai wenyewe kama mafuta ya taa juu ya maji. Husambaa pale tu barabara inapopitika mwaka mzima, embe linaposindikwa karibu na mwembe, maji ya mabwawa yanapofunguliwa kwa ratiba inayomjali mkulima wa Chewele na wa Ozi, na hati ya ardhi inapotangulia tingatinga. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa serikali ya kitaifa na zile za kaunti, na muda wa kuyatekeleza ni sasa, kabla gati za Lamu hazijajaa na bei ya ardhi ya Garsen haijaanza kupangwa na watu wasioijua.